Urefu pekee haumpi kijana namba NBA

Kwenye viwanja vya kikapu vya Nyamagana na Ilemela jijini Mwanza, kijana akishapita mita 2 tu utasikia: "Huyo Hasheem mwingine, ashatoka huyo." Hapana. Urefu utafanya aitwe majaribio. Namba NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ni habari nyingine.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009 kwenye drafti, pale klabu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Februari 2010, msimu wa kwanza haujaisha, akapelekwa ligi ndogo, Dakota Wizards.

Watu husahau sheria. Chuoni Marekani senta, yule mrefu anayelinda goli, anaweza kujichimbia chini ya goli akisubiri kufuta mipira inayorushwa. NBA, beki asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kuzidisha sekunde 3 ndani ya eneo la rangi, ule mstatili ulio mbele ya goli. Akizidisha, wapinzani wanapata mtupo mmoja huru na mpira unabaki wao. Basi senta hutoka kukaba nje, kisha hukimbilia ndani. Mwenye miguu mizito huchelewa hatua moja, huruka akiwa ameshapitwa, hugonga mkono: faulo. Ya sita, nje.

Mkataba nao (hapa ndipo wajomba hupiga hesabu mapema) kwa aliyechaguliwa raundi ya kwanza ya drafti una miaka 2 ya uhakika. Wa 3 na wa 4 klabu ndiyo huamua.

Kocha mwenye mrefu asimfungie chini ya goli. Amtelezeshe pembeni, magoti yamekunjwa, mikono juu, hadi mstari wa pointi tatu na kurudi: sekunde 20 kazi, 40 pumziko. Na kwenye sakafu ya simenti, soli nyembamba humletea maumivu ya ugoko.