Je, wajua vitu viwili visivyopitisha umeme vikibandikwa pamoja vinaweza kuupitisha?

Ukibandika kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, juu ya kihami kingine unapata nini? Mi nilikuwa najibu bila hata kufikiria, unapata kihami kinene zaidi, basi. Nilipoambiwa sivyo nikakosea tena, nikadhani basi atomi zimechanganyikana pale kwenye mpaka zikazaa kitu kipya kinachopitisha umeme. Ila kama ni kuchanganyikana tu, unene wa kipande cha juu ungekuwa na kazi gani? Na hapa unene ndo kila kitu: safu tatu, hakuna umeme, weka ya nne, unapita. Safu nne zenyewe ni kama nanomita moja na nusu!

Vitu vyenyewe ni fuwele mbili, chini titaneti ya strontiamu, juu alumineti ya lanthanamu. Wanafizikia Akira Ohtomo na Harold Hwang ndo walioripoti mwaka 2004 kwamba mpaka wa fuwele hizi unapitisha umeme.

Sasa inakuwaje? Kila tabaka la fuwele ya chini halina chaji, ila za juu zinapokezana, moja chanya, moja hasi, chanya, hasi. Chukulia kila jozi ni betri ya tochi. Betri moja haikutishi, lakini ukizipanga moja nyuma ya nyingine volti zinajumlishwa, na humu kila safu unayoongeza ni betri nyingine, mpaka inafika mahali fuwele haiwezi tena kubeba mzigo huo na elektroni zinahamia mpakani, zinabanwa kwenye kanda nyembamba sana na kutiririka humo. Fuwele ya chini ikiishia na tabaka la strontiamu badala ya titani, hola.

Tatizo, hesabu inasema elektroni nusu kwa kila kiboksi cha fuwele, yaani kile kipande kidogo kabisa kinachojirudia, na vipimo mara nyingi vinakuta pungufu. Halafu oksijeni ikitoroka kwenye fuwele nayo inaacha elektroni, kwa hiyo sampuli zilizotengenezwa kwenye oksijeni kidogo zilipitisha umeme hadi ndani kabisa, siyo mpakani tu.

Mwaka 2007 ikaonekana mpaka huo ukipoozwa hadi karibu kelvini 0.2, kama nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi, unapitisha umeme bila ukinzani wowote. Hilo halinishangazi sana, titaneti ikiongezewa elektroni ilishajulikana kufanya hivyo tangu miaka ya 1960. Kinachonisumbua ni dalili za usumaku zilizoripotiwa mwaka huohuo, kwa sababu hakuna hata fuwele moja kati ya hizo mbili yenye usumaku, na sampuli nyingine zinaonyesha, nyingine wala.