Vanishi haiokoi amonaiti ya pairaiti

DHANA: "Nshapiga vanishi, haiharibiki tena."
Wiki hii kaniletea mtu mwingine boksi la amonaiti (visukuku vya wanyama wa baharini wa kale wenye ganda la mzunguko) za Charmouth, kule Dorset Uingereza, juu zinang'aa vizuri tu ila ukizigeuza zimepasuka, unga wa njano umetoka na lebo ya karatasi imeliwa hadi maandishi hayasomeki. Jamani! Pairaiti, yale madini yanayong'aa kama dhahabu yaliyojaza amonaiti hizi, ni chuma na salfa, ikikutana na hewa na unyevu inazaa asidi ya salfuriki na salfati za chuma, na hizo salfati zinataka nafasi kubwa kuliko pairaiti yenyewe ndo maana jiwe linapasuka kutokea ndani. Vanishi inachelewesha tu, unyevu unapita, na ukipaka jiwe ambalo bado lina maji na chumvi ya bahari ujue umemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Amonaiti ikitoka baharini iloweke kwenye maji baridi ya bomba, badilisha kila siku kwa siku kadhaa chumvi itoke, kisha kausha kweli kweli. Mi huwa naitumbukiza kwenye asetoni ivute maji yaliyobaki, halafu boksi lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya silika jeli mnavyovitupa mkinunua viatu. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 60 ndo balaa linaanza, kwa hiyo nunua kipimo cha unyevu kwanza, vanishi baadaye kama bado unaitaka. Iliyokwisha kutoa unga usiirudishe majini, isugue kwa brashi kavu na uitenge na wenzake.

DHANA: "Ni bakteria wanaila."
Bakteria walikuwepo ilipotengenezwa, kwenye tope la bahari lisilo na oksijeni, miaka kama milioni 190 na ushee iliyopita. Kabatini kwako ni kemia tu.

DHANA: "Ni dhahabu."
Ikwaruze nyuma ya kigae, pale pasipong'arishwa. Mstari mweusi? Basi ni pairaiti.

DHANA: "Hizi ndogo ni vitoto."
Mara nyingi ni mizunguko ya ndani tu ya mnyama mkubwa, pairaiti iliishia hapo, ile ya nje ikabanwa na tope ikapondeka.

DHANA: "Picha moja inatosha kuitambua."
Mnanitumia picha ya ubavuni tu! Nipe na ukingo wa nje. Kuna aina za amonaiti: Oxynoticeras ukingo wake umechongoka, Echioceras ina mbavu nyingi zilizonyooka na kijituta kifupi katikati ya ukingo. Angalia na mishono, ile mistari ambapo kuta za vyumba vya ndani zinakutana na ganda, kwenye pairaiti inaonekana vizuri kwa sababu ganda lenyewe lilishatoka: ikiwa imejikunja-kunja kama majani hiyo ni amonaiti, ikiwa imepinda kidogo tu na mrija unapita katikati ya vyumba badala ya pembeni kwa nje, umeokota nautilasi, ndugu wa amonaiti.

DHANA: "Nzuri ziko ndani ya jabali, lazima uchimbe."
Lile jabali linaporomoka bila hodi, watu wanaumia bure. Pairaiti ni nzito, mawimbi yanaikusanya pamoja kwenye changarawe, we subiri maji yapwe, hasa baada ya dhoruba, uchuchumae utafute hapo.