"OK" ilitoka wapi? Jibu liko kwenye gazeti la mwaka 1839

Sisi tunaoshughulika na kamusi tunaulizwa swali hili mara kwa mara, na mwulizaji huwa tayari ana jibu lake mfukoni. Jibu linalopendwa zaidi linahusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani: eti kikosi kilichorudi bila kupoteza askari kiliandika sifuri na herufi K ya "killed" ("waliouawa"), yaani hakuna aliyeuawa. Hadithi ni tamu, ila tarehe zinaikataa. Vita hivyo vilianza mwaka 1861, na neno lilikuwa limeshachapishwa miaka 22 kabla.

Lilichapishwa katika Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839. Siku hizo wahariri wa Boston walipenda mchezo wa vifupisho, na utamu wake ulikuwa kuyaharibu maneno makusudi kabla ya kuyafupisha. "All correct", yaani "yote sahihi", wakaiendeleza "oll korrect", wakabaki na o.k. "All right" nayo ikawa "oll wright", kifupi chake O.W. Tazama mzaha ulipo: herufi mbili zinazotangaza kwamba yote ni sahihi, na zote mbili zimekosewa.

O.W. ilikufa. O.K. iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena urais. Alikuwa mzaliwa wa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", Mzee wa Kinderhook. Jijini New York wakaunda klabu ya O.K. Wapinzani wakaligeuza neno kuwa fimbo: wakaeneza uongo kwamba mwanzilishi wake ni Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren, kwa vile hakujua kuendeleza maneno. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini neno lilikuwa limeshatapakaa. Baadaye wapiga telegrafu nao wakalichukua kuthibitisha kwamba ujumbe umepokelewa.

Ushahidi huu tunao kwa jasho la Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyepekua magazeti ya zamani na kuchapisha aliyoyapata katika jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964. Kazi hiyo inastahili kujulikana kuliko inavyojulikana. Kabla yake hata Rais Woodrow Wilson aliamini kwamba neno ni la Wachoctaw, mojawapo ya jamii za wenyeji wa Marekani, ndiyo maana akiandika "okeh". Ni kweli Kichoctaw kina neno linalofanana nalo. Lakini Wagiriki nao wana "ola kala", "yote mema", na maneno hayawezi kupewa ukoo kwa kufanana sauti tu. Lazima yawepo maandishi yenye tarehe, yanayoonyesha neno likitoka mahali fulani na kuingia kwingine. Mwenye kudai asili tofauti na alete andiko la kabla ya Machi 1839.