Je, wajua kwa nini mchuzi wa massaman wa Thailand unanukia kama jikoni za Pwani?

Mgahawa wa Kithai umefunguliwa mtaani kwetu, na Jumamosi moja nilimchukua mama mdogo, mzaliwa wa Tanga, twende tukaonje. Supu ya tom yum ilimtoa jasho. Som tam, ile kachumbari ya papai bichi, aliimaliza bila kusema neno. Kisha likaja bakuli la tatu: nyama ya ng'ombe na viazi ndani ya mchuzi wa nazi, mzito, wa rangi ya kahawia. Akaunusa kabla ya kuuonja.

"Mwanangu, huu mbona nimeupika mimi?"

Akaanza kuvitaja: iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, ukwaju. Vyote vimo kweli. Vimefikaje huko?

Mchuzi huo unaitwa massaman, na jina lenyewe linaanza kujibu. Limetokana na "musulman", neno la Kiajemi lenye maana ya Mwislamu. Michuzi mingi ya Thailand inategemea zaidi vitu vibichi: mchaichai, pilipili, vitunguu, na mzizi uitwao kha unaofanana na tangawizi. Massaman inavichukua hivyo, halafu inaongeza viungo vikavu vilivyokaangwa na kutwangwa, vile vile ambavyo sisi tungevitia kwenye pilau.

Viungo hivyo vina historia ya bandari. Tangu 1351 hadi 1767, mji mkuu wa Siam, kama Thailand ilivyoitwa zamani, ulikuwa Ayutthaya, na wafanyabiashara wa Uajemi, Uhindi, Uchina na visiwa vya Malay walikuwa na makazi yao pale. Mwanzoni mwa karne ya 17 alifika Sheikh Ahmad kutoka Qom, Uajemi. Mfalme alimpa cheo cha kuwasimamia Waislamu wa nchi ile, na kizazi chake, ukoo wa Bunnag, kilitoa mawaziri wakubwa kwa miaka mingi. Wapo wanaosema massaman ilitoka kwa Waajemi hao wa Ayutthaya. Wengine wanairudisha kwa Waislamu wa Kimalay wa kusini. Kwangu mimi, njia zote mbili zinaishia kwenye bahari moja, hii hii iliyoleta mdalasini Mombasa na Unguja. Na kufikia zama za Mfalme Rama II, aliyetawala kuanzia 1809 hadi 1824, mchuzi huu ulikuwa umeshaingia kwenye meza za kifalme. Rama II mwenyewe aliutaja katika shairi lake la kusifu mapishi, akausifia harufu ya yira. Yira ni bizari nyembamba, ambayo wengi wetu tunaiita jira. Sikiliza hayo majina mawili yalivyo ndugu.

Majina hayaishii hapo, na hapa ndipo nilipofurahi zaidi. Pilipili kali, viazi na karanga, vyote vimo ndani ya massaman, na vyote asili yake ni bara la Amerika. Pilipili kali inasemekana ililetwa huku na Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498, na mwaka 1511, walipoiteka Malacca, bandari ya Wamalay, wakatuma mjumbe Ayutthaya. Kabla ya hapo Wathai walitumia pilipili nyeusi, wakiiita phrik. Ile kali ilipopendwa ikachukua jina hilo, na nyeusi ikabaki kuwa phrik thai, pilipili ya Kithai. Nasi tukapata shida hiyo hiyo, tukaitatua kwa kumtaja mwingine: pilipili manga, pilipili ya Uarabuni. Kiazi nacho wao wanakiita man farang, yaani kiazi cha Mzungu. Sisi tunasema kiazi ulaya. Ukwaju ndio uliosafiri upande wa pili, maana mti wake asili yake ni Afrika.

Lakini mama mdogo aligundua pia kisichofanana. Juu ya mchuzi kulikuwa na mafuta mekundu yanayoelea. "Tui limekatika," alininong'oneza, akimwonea huruma mpishi.

Lilikuwa limekatwa makusudi. Mpishi wa Pwani hutanguliza tui la pili, jepesi, na tui zito analitia mwishoni, akikoroga taratibu lisikatike. Wathai nao wana matui mawili, "kichwa" na "mkia" wa nazi, lakini wanaanza na kichwa. Tui zito linachemshwa peke yake hadi maji yapungue na mafuta yajitenge, kisha viungo vilivyotwangwa vinakaangwa ndani ya mafuta hayo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya harufu ya viungo, na hata ukali wa pilipili, huyeyuka vizuri katika mafuta kuliko katika maji. Ukivikaanga hivyo, harufu inasambaa kwenye chungu kizima, nyama inaikuta tayari, na tui jepesi linafuata kulegeza mchuzi. Ndiyo maana massaman inanukia kwa nguvu kuliko mchuzi wetu wa nazi, ingawa wetu ni laini zaidi mdomoni. Mwisho unatiwa mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi, sukari ya mnazi au mvumo, na ukwaju, na hapo chumvi, utamu na uchachu hupimwa hadi kimoja kisizidi kingine.

Ukitaka kujaribu nyumbani, jihadhari na tui la kopo. Mengi yametiwa vitu vya kulizuia lisijitenge, na unaweza kulichemsha muda mrefu usione mafuta. Ongeza kijiko cha mafuta ya nazi ukaangie. Mama mdogo hakutaka hata kulisikia hilo kopo. Jumapili iliyofuata alikalia mbuzi, akakuna nazi mbili, akabandika tui la kwanza jikoni na kulitazama likikatika, mkono wake ukiwa tayari na mwiko ambao hakuutumia.