Puli Kuukuu Si Pateni: Dhana Potofu Kuhusu Vielelezo vya Kusubia Metali

Mteja huja na kipuri kilichovunjika, amekifunga kwenye gazeti, anakiweka juu ya benchi na kusema: "Fundi, nitolee kama hiki." Ombi lake ni la haki kabisa. Ila ndani yake mna imani moja iliyonipotezea vipande vingi kabla sijaielewa, kwamba ukitaka kusubu kitu unahitaji kitu chenyewe na mchanga, basi.

Kazi ya kusubu wengi wanaijua kwa moto wake: tanuri, kalibu, metali inayong'aa. Mimi nafanya upande usio na moto. Natengeneza pateni, kile kielelezo kinachofukiwa kwenye mchanga, mchanga ukashindiliwa, kisha kikachomolewa ili kiache uwazi wa kumiminia. Upande huu hauzungumzwi sana, na ndiyo maana umejaa imani ambazo hakuna aliyezipima kwa rula.

"Kipuri cha zamani ndicho pateni bora, maana tayari kina umbo"

Umbo kinalo. Kipimo hakina. Metali iliyoyeyuka husinyaa inapoganda na kupoa, na kila metali ina kiasi chake. Alumini hupungua takriban milimita 13 kwa kila mita, chuma cha kusubu kama milimita 10, shaba ya manjano 15 au 16, feleji hufika 20. Kwa hiyo pateni lazima iwe kubwa kuliko kitu kitakachozaliwa. Mafundi wa vielelezo wana rula zao maalumu kwa kazi hii: rula ya kazi za alumini iliyoandikwa mita 1 ina urefu halisi wa milimita 1,013. Unachora kwa rula hiyo kana kwamba ni ya kawaida, na hesabu inakuwa imekwisha kufanyika ndani ya chuma chake.

Nilipokuwa bado najifunza kazi, tulishindilia mchangani kishikizo kizima cha mota kilichotumika, chenye matundu manne, tukamimina alumini. Kilitoka kizuri, uso laini, tukafurahi. Kati ya tundu na tundu palitakiwa milimita 200. Palikuwa na 197 na kidogo. Bolti ya kwanza ikaingia, ya pili ikagoma, na mwenye kazi akasimama mlangoni na mota yake bila kusema neno. Nakumbuka ule ukimya kuliko maneno yoyote niliyowahi kuambiwa.

Tena kusinyaa ni nusu tu ya shida. Kipuri kilichotoka kiwandani kimekwisha kukerezwa. Pale beringi inapokaa, pale ekseli inapopita, pale uso unapokutana na uso mwingine, palipunguzwa kwa mashine baada ya kusubiwa. Ukikitumia kama pateni unapata kipande kisicho na nyama ya kuchonga. Chukua makazi ya beringi namba 6206, beringi ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 62. Ukiyanakili kwa chuma cha kusubu, kwa hesabu tundu linatoka karibu 61.4. Mtu anasema vizuri, kuna nyama ya kukereza. Ipo, lakini ni milimita 0.3 kila upande, na ngozi ya kipande kilichotoka mchangani ni ngumu na ina chembe za mchanga. Kisu cha mashine kinataka kuingia chini ya ngozi hiyo, ndiyo maana tunaacha kama milimita 3 kila uso utakaochongwa. Na kipuri chenyewe kilikuwa kimelika kabla ya kuvunjika! Unanakili hadi ugonjwa wake.

Hapo hapo kuna imani ndogo inayotembea nayo, kwamba chuma kikisinyaa tundu hupanuka. Tundu husinyaa pamoja na kipande chake. Kiini kilichomo, yaani gogo la mchanga linaloshika nafasi ya tundu, kinaweza kulizuia kidogo, lakini halipanuki.

Sisemi kipuri cha zamani hakifai kabisa. Ukitaka wavu wa jiko, kifuniko cha shimo au uzito wa mizani ya geti, shindilia tu. Vipande vidogo pia huponea kwenye kugongwa: unapogonga-gonga pateni ili ilegee mchangani, uwazi hupanuka kidogo, na kwenye kitu cha sentimita chache upanuzi huo huweza kufidia kusinyaa. Na kipuri kikubwa kinaweza kusaidiwa. Unabandika bodifila, ile puti ya mabodi ya magari, au vipande vya ngozi ya mnyama kwenye nyuso zitakazochongwa, na ikibidi unakikata katikati na kupachika kipande cha kuongeza urefu. Ukishafanya hayo, hukifukii tena kama kilivyo, umetengeneza pateni.

Wanaosubu sufuria nzito za alumini mara nyingi hutumia sufuria nyingine kama pateni, na kwa chombo kisichofungwa bolti hakuna ubaya. Ila fikiria nakala ya nakala ya nakala. Sufuria ya lita 10, ikinakiliwa vizazi vitano, kila kizazi kikipoteza asilimia 1.3 ya kila kipimo, kwa hesabu ya karatasini inabaki na lita 8.2 hivi. Kugongwa kwa pateni hurudisha sehemu ya upungufu huo. Bado mama ntilie anayenunua kwa macho anaweza kulipia ugali ambao hautaingia.

"Mbao ngumu zaidi ndiyo bora zaidi"

Niliwahi kuletewa kipande cha mpingo na mtu aliyedhani ananifanyia hisani. Mpingo ni mti wa heshima, wa zumari na vinyago, lakini pateni ya mpingo ingenila patasi zote na kuwa nzito mno kuinua kutoka mchangani. Ninachotafuta kwenye mbao ni utulivu. Mbao isicheze. Ulaya na Marekani mafundi wa zamani walipenda mahogani na misonobari laini kwa sababu hiyo. Huku kwetu mkangazi ni ndugu wa mahogani hiyo, mtiki hutulia vizuri, na mninga una sifa ya kusinyaa kidogo sana kuliko mbao nyingi. Kwa pateni itakayofukiwa mara kumi tu, hata mbao ya msonobari iliyokauka barabara inatosha.

Neno la uzito hapo ni *iliyokauka*. Mbao karibu haibadiliki kwa urefu wa nyuzi zake, lakini kwa upana hutanuka na kusinyaa kadiri ya unyevu. Pateni iliyotengenezwa Tanga, kwenye unyevu wa bahari, ikipelekwa Dodoma itakauka na kujikunja, halafu tutamlaumu fundi. Kisha kumbuka inakoenda kulala: mchanga wa kusubia una udongo wa mfinyanzi na maji kiasi cha asilimia 3 hadi 5. Ndiyo maana pateni hupakwa shelaki, vanishi au rangi ya mafuta, safu juu ya safu, msasa katikati. Wengine hudhani rangi ni urembo. Rangi huzuia maji na hufanya mchanga usishike. Mafundi pia huitumia kuonyesha uso upi utachongwa, upi utaachwa, na wapi kiini kitakaa. Mpango wa rangi hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo uliza kabla ya kukisia.

Na hakuna fundi mzoefu anayekata duara kutoka ubao mmoja. Puli ya mbao hujengwa kwa vipande, sita kwa kila pete, pete juu ya pete, viungo vikipishana kama matofali ya ukuta. Hapo nyuzi zinafuata mzunguko, na unyevu ukibadilika duara haligeuki yai. Plaiwudi nayo hufanya vizuri kwa sababu tabaka zake zimekwisha kupishana. Tatizo lake ni kingo, ambazo hunywa rangi kama mchanga unavyokunywa mvua.

"Pateni lazima ifanane na kitu chenyewe"

Hii ndiyo imani inayowashangaza wageni wa karakana. Wanaona pateni ya bomba, wanatafuta tundu, hawalioni. Badala yake wanakuta vishikio viwili vimechomoza kwenye ncha, kama pini ya kusukumia chapati. Vile vishikio vitaacha mashimo mchangani, na kwenye mashimo hayo kitalazwa kiini, yaani gogo la mchanga lililogandishwa ndani ya boksi lake la mbao. Metali itakizunguka kiini, kiini kitavunjwa, na tundu litabaki. Penye tundu kwenye bomba, pateni imechomoza. Mwenye kulipia kazi hii anapaswa kujua kwamba boksi la kiini ni nusu ya kazi, wakati mwingine zaidi ya nusu.

Kuta nazo haziko wima. Ukichomoa pateni yenye kuta wima kabisa, inasugua mchanga tangu chini hadi juu na kung'oa kingo. Tunalaza kila ukuta digrii 1 au 2. Kwa kimo cha milimita 100, digrii 1 ni milimita 1.75 hivi, jicho halioni, lakini mkono unaochomoa unajua. Mifuko ya ndani huhitaji mlalo mkubwa zaidi, kwa sababu mchanga uliosimama peke yake kama kisiki huvunjika upesi. Na kona za ndani hujazwa zikawa mviringo, kwa nta, ngozi au puti, kwa kuwa kona kali hubomoka mchangani na huwa mwanzo wa ufa kwenye metali inapopoa.

"Povu la kufungia televisheni ni mchezo wa watoto"

Povu jeupe la polistirini ni pateni halali, na lina historia. Mmarekani H. F. Shroyer alipewa hataza ya njia hii mwaka 1958. Tangu hapo viwanda vikubwa vya magari vimesubu bloku za injini kwa povu. Halichomolewi. Linaachwa mchangani, metali inamiminwa juu yake, nalo linageuka mvuke na kutoa nafasi papo hapo. Kwa hiyo mlalo wa kuta hauhitajiki, na umbo lenye mikunjo isiyochomoleka linawezekana. Unalikata kwa waya wa moto, alasiri moja umemaliza.

Kinachodanganya ni kudhani kwamba wepesi wake umefuta kanuni. Kusinyaa kupo palepale. Kaboni ya povu huweza kubaki kama mikunjo myeusi kwenye chuma cha kusubu, na kwenye feleji huingia ndani ya metali yenyewe. Uso wa povu hupakwa uji wa plasta au dawa nyingine isiyoungua, na uji huo sharti ukauke hadi ndani. Maji yaliyofungiwa chini ya alumini ya nyuzi 700 hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha metali usoni kwa mtu. Moshi wake ni sumu, kwa hiyo fanya nje, simama upepo unakotoka. Na usichukue povu la manjano la kuhami joto au la magodoro ukidhani ni ndugu moja. Lile ni poliyurethani, na likiungua huweza kutoa gesi ya sianidi. Hapa siongezi chumvi.

"Nta ni teknolojia ya kuja"

Anayesema hivi aende Lamu akaitazame siwa ya shaba kwenye makumbusho, baragumu iliyopulizwa kwenye sherehe za wakubwa wa mji. Ilisubiwa kwa njia ya nta, vipande vipande, kisha vikaunganishwa. Fundi alichonga nta, akaifunika udongo, akaichoma hadi nta ikatiririka, akamimina shaba palipokuwa na nta. Kila pateni ya aina hiyo hufa mara moja, na ndiyo maana nakshi zake zinaweza kuwa za kina kiasi kile bila kujali kama zitachomoka. Nta ya nyuki bado tunayo tele. Tabora peke yake ina sifa ya asali na nta tangu zamani. Kinachopungua ni mikono.

"Printa ya 3D imemaliza kazi ya fundi wa pateni"

Nimeitumia na naipenda. Kuongeza ukubwa hadi asilimia 101.3 ni kubonyeza tu. Lakini mashine huchapisha ulichochora, na usipochora mlalo, nyama ya kuchonga na vishikio vya kiini, itakuletea nakala nzuri ya kitu ambacho hakisubiki. Mistari ya tabaka zake hushika mchanga kama meno ya msumeno, hivyo puti na msasa havijastaafu. Plastiki ya PLA inayotumika sana huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari mchana wa Dar es Salaam, utaikuta imeinama.

Imani ya mwisho ni ya wenye kazi zaidi kuliko mafundi: kwamba kipande kikishatoka, pateni ni kuni. Nimeona boksi la kiini likipikia chai, na miezi mitatu baadaye mwenyewe akarudi kutaka puli nyingine sita. Sasa kila pateni inayotoka kwangu naiandika ubavuni kwa wino usiofutika, kabla ya vanishi ya mwisho: alumini, 13 kwa mita, vipande vitatu, boksi la kiini moja, hifadhi mahali pakavu.