Je, wajua kwa nini wawili hufanya mazoezi yale yale, mmoja akapaa na mwenzake akabaki palepale?

Agosti 2024 Mganda Joshua Cheptegei alishinda mita 10,000 mjini Paris kwa dakika 26 na sekunde 43, rekodi mpya ya Olimpiki. Maelezo ya ushindi huo yalikuwa tayari kabla hajavishwa medali: hao ni watu wa mlimani, mbio ziko kwenye damu. Nenda stendi yoyote ya boda boda, Mbale au Kampala, utaambiwa hivyo hivyo. Ila watu hao hao, mtoto akirudi nyumbani na alama mbovu za hesabu, hawataji damu hata kidogo. Wanasema hajakazana. Mbio ni kipaji, hesabu ni bidii, na sijui ni nani aliyetugawia hivyo.

Ubishi wa kipaji na bidii ukiachwa mpana namna hiyo hauishi. Tuupunguze. Chukua vijana wawili wa Kapchorwa, rika moja, wanaoamka saa kumi na moja alfajiri, wanapandisha kilima kimoja na kula posho na maharage ya sufuria moja. Baada ya miaka mitatu mmoja anaitwa timu ya taifa, mwingine muda wake haujasogea. Wote wametoka jasho, wote ni Wasabiny, wenyeji wa Sebei kwenye Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda. Kimewatenganisha nini?

Tuanze na mlima, maana ndio hutajwa kwanza. Kapchorwa, Kween na Bukwo zimekaa kwenye miteremko ya kaskazini ya Elgon, mlima wenye kilele cha mita 4,321, na watu wengi wa huko wanaishi kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi, kila pumzi inaleta oksijeni pungufu. Figo zikihisi upungufu huo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, nayo huuhimiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi. Anayekulia huko anashuka bondeni na damu iliyokwisha kujiandaa. Ongeza umbo: watafiti waliowapima wakimbiaji Wakalenjini wa Kenya, ambao ni ndugu wa Wasabiny kwa lugha na asili, waliona miguu iliyo myembamba kuanzia goti kwenda chini. Uzito ulio mbali na nyonga ni ghali kuuzungusha, kwa hiyo mguu mwepesi wa chini unaokoa nguvu katika kila hatua.

Sawa. Lakini mlima ulikuwepo siku zote. Dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki ililetwa mwaka 1972 kutoka Munich na John Akii-Bua, mtoto wa Lango, kaskazini kwenye tambarare, katika mita 400 kuruka viunzi. Alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali ambayo hakuna mruka viunzi anayeiomba, akamaliza kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48. Miaka miwili nyuma, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa nne tu. Katikati hapo kulikuwa na kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, na mazoezi ya kuruka viunzi akiwa amevaa fulana ya uzito. Ubingwa wa dunia wa mwaka 2005 mjini Helsinki, mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa wanawake, ulichukuliwa na Dorcus Inzikuru wa Arua, upande wa pili kabisa wa nchi.

Sebei walisubiri dhahabu yao ya Olimpiki hadi 2012, Stephen Kiprotich alipoibuka kidedea kwenye marathoni ya London. Kiprotich alikuwa amevuka mpaka kwenda kujifua Kenya. Baada yake wakamiminika: Cheptegei, Jacob Kiplimo, Peruth Chemutai aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa dhahabu ya Olimpiki, Tokyo. Damu ya ukoo haibadiliki ndani ya miaka arobaini. Kilichobadilika ni njia ya kupitia: kambi, makocha, mawakala wa kuwapeleka Ulaya, na ajira za Polisi na Magereza zinazompa mkimbiaji mshahara wakati hajashinda chochote. Hilo la mshahara huwa tunalipuuza sana. Mtu hawezi kukimbia kilomita nyingi kwa wiki huku akibeba matofali ili apate chakula cha jioni.

Yote hayo yanaeleza kwa nini Sebei na si kwingine, au kwa nini sasa na si zamani. Wale vijana wetu wawili bado hatujawagusa, maana mlima wao ni mmoja na kambi ni moja.

Jibu lao, kwa sehemu kubwa, lilipatikana mbali sana na Elgon. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani na Kanada, akiwamo Claude Bouchard, walikusanya watu 481 kutoka familia 98, wazazi na watoto wao, wote watu wasio na mazoea ya mazoezi. Wakawaweka kwenye baiskeli za ndani kwa wiki 20, ratiba moja, ugumu ukipimwa kwa mapigo ya moyo ya kila mmoja ili asionewe mtu wala asipendelewe. Walichokuwa wanapima ni kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika, yaani uwezo wa moyo, mapafu na misuli kwa pamoja.

Kwa wastani watu walipanda kwa kiasi cha mililita 400 hivi. Huo wastani lakini umeficha kisa chenyewe. Wapo waliopanda zaidi ya lita nzima. Wapo ambao wiki 20 zilipita na mwili wao ukabaki kana kwamba hawakukanyaga pedali hata siku moja. Na waliopanda walielekea kuwa wa familia moja, waliokwama vivyo hivyo: karibu nusu ya tofauti hiyo, asilimia 47, ilifuata ukoo.

Mimi kilichonishtua zaidi ni kingine. Kiwango ambacho mtu alianza nacho hakikusema lolote la maana kuhusu atakavyopanda. Aliyeanza chini aliweza kuruka mbali, na aliyeanza juu aliweza kuganda hapo hapo. Kumbe kipaji cha kimwili si kimoja. Kipo cha kuanzia, kinachoonekana siku ya kwanza, na kipo cha kuitikia mazoezi, ambacho hakionekani mpaka mazoezi yafanyike. Wale wawili wa Kapchorwa yawezekana walianza sawa kabisa, ila mwili wa mmoja ulikuwa unajibu kila alichoulizwa na wa mwenzake ukanyamaza.

Sasa fikiria tunavyochagua watoto shuleni. Mwalimu wa michezo anapanga mbio moja mchana mmoja, wa kwanza hadi wa tatu wanakwenda wilayani, wengine warudi darasani. Hapo amepima cha kuanzia tu. Na mara nyingi hata hicho hajakipima: darasa moja la shule zetu za msingi lina watoto waliopishana miaka miwili au mitatu, kwa hiyo anayeitwa hodari huenda ni mkubwa tu. Cheptegei mwenyewe alianza na mpira wa miguu, kisha miruko, ndipo akaingia kwenye mbio.

Upande wa bidii nao una hesabu yake maarufu, ile ya saa 10,000. Chanzo chake ni utafiti wa mwaka 1993 wa Anders Ericsson, mwanasaikolojia Mswidi aliyefanya kazi Marekani, na wenzake, juu ya wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki mjini Berlin. Kufikia umri wa miaka 18 wale bora kabisa walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa saa 7,400 hivi. Kundi la pili saa 5,300. Na waliokuwa wakielekea kuwa walimu wa muziki saa 3,400. Kufikia miaka 20 wale bora walikuwa wanakaribia 10,000. Vitabu vya kutia moyo vikaidaka namba hiyo na kuifanya kanuni: timiza saa zako, utakuwa bingwa. Ericsson alilikataa jambo hilo wazi. Ule ulikuwa wastani, wengine katika kundi lile lile hawakuufikia, na hakuwahi kusema kwamba saa peke yake zinatosha. Yeye alijali namna ya mazoezi: uwe na lengo dogo mahsusi, liwe gumu kidogo kuliko unachoweza leo, na awepo wa kukuonyesha kosa papo hapo.

Hili linaonekana vizuri kwa mafundi cherehani wa Kiyembe, Kampala, hasa wanaposhona gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda. Vazi hilo linakula karibu mita sita za kitambaa, lina shingo ya mraba, mshipi mpana, na mabega yaliyosimama kwa ncha. Mabega ndiyo yanayomtoa mwanafunzi machozi. Anashona bega, anampelekea fundi, fundi analigeuza ndani nje, anapitisha kidole gumba kwenye mshono, anasimama mahali pamoja. "Hapa umevuta. Kiache kitambaa kitembee chenyewe. Fumua." Anamkabidhi wembe. Binti anafumua, anarudi kwenye cherehani, anashona kona ile ile, si gomesi zima, kona tu. Jioni amefumua bega moja mara kadhaa na mteja hajaona kitu. Kibanda cha jirani yupo mzee anayepunguza suruali na kutia viraka sare za shule tangu enzi. Saa zake ni nyingi kuliko za yeyote pale, lakini mshono wake ni ule ule wa miaka kumi iliyopita, kwa sababu alikwisha fika pale ambapo mteja halalamiki na hakuna tena wa kumwambia fumua.

Hata kwenye mbio kuna sehemu kama hiyo, isiyo ya mapafu. Machi 2017, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yakifanyika Kololo, Kampala, Cheptegei aliingia mzunguko wa mwisho akiongoza kwa mbali, uwanja wote ukipiga kelele. Miguu ikamwishia. Akamaliza wa 30. Mwili ulikuwepo, kilichokosekana ni kugawa mwendo. Mwaka 2019 mjini Aarhus alilichukua taji hilo hilo, na Agosti 2020, Monaco, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Ukigawanya, ni kama sekunde 60 na nukta nne kwa kila mzunguko, na aliizunguka kwa usawa wa ajabu. Sitaki kusikia kwamba usawa ule nao ni wa damu.

Je, sehemu hiyo inayofundishika ni kubwa kiasi gani kwa jumla? Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi kwa pamoja. Mazoezi ya makusudi, yaani ya namna ile aliyoijali Ericsson, yalieleza asilimia 26 ya tofauti kati ya watu kwenye michezo kama sataranji, 21 kwenye muziki, 18 kwenye michezo ya viungo, na 4 tu kwenye elimu. Wapenzi wa kipaji walishangilia, lakini mapema mno. Kinachobaki hakiendi chote kwenye mfuko wa kipaji: humo mna umri wa kuanza, kocha, lishe, majeraha, na makosa ya kupima.

Sataranji ndiyo hutoa mfano mkali zaidi. Fernand Gobet na Guillermo Campitelli waliwapima wachezaji wa Argentina na kukuta kuna aliyefika ngazi ya ubingwa kwa saa 3,000 hivi na mwingine aliyehitaji zaidi ya 23,000. Halafu wapo waliozidi hata hizo wasifike. Huku kwetu, Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa kimaskini wa Kampala, alifika kwenye ubao wa sataranji kwa kumfuata kaka yake mahali ambapo kocha Robert Katende alikuwa akiwapa watoto uji. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul, alipata cheo cha kimataifa. Kichwa chake kilikuwa chepesi kushika, hilo halina ubishi. Lakini bila uji?

Kuna utafiti mmoja unaovuruga hata mpaka wenyewe kati ya kipaji na bidii. Mwaka 2014, Miriam Mosing na wenzake huko Sweden walichapisha matokeo ya pacha zaidi ya 10,000 walioulizwa wamefanya mazoezi ya muziki kwa saa ngapi maishani, kisha wakapimwa sikio: kutofautisha sauti, melodia na mapigo. Saa za mazoezi zenyewe zilifuata ukoo, kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti. Na pacha wa kufanana ambao mmoja alifanya mazoezi mengi kuliko mwenzake hawakupishana kwa sikio. Kipimo kilikuwa cha kusikia tu, hakuna aliyeambiwa apige chombo, kwa hiyo haimaanishi kwamba mazoezi ya fidla ni bure. Ila kule kupenda kukaa na chombo saa nne bila kusukumwa, jambo tunalomsifia mtu kama bidii yake, kwa sehemu alizaliwa nako.

Ni asilimia za Sweden lakini, nchi ambako mtoto anayetaka somo la muziki kwa kawaida hulipata. Watu wakisawazishiwa nafasi, kinachobaki kuwatenganisha ni urithi, na asilimia yake lazima ionekane kubwa. Bukwo, msichana mwenye mapafu ya ajabu anaweza kukosa mazoezi ya asubuhi kwa sababu maji hayajachotwa, na pacha wake wa kiume akaenda. Ukiwapima hao wawili, urithi utaonekana mdogo kuliko ulivyo, na ndoo ya maji haimo kwenye jedwali la mtafiti yeyote.