Kususia Oscar baada ya muvi yako kubaniwa: tunachoamini na ilivyo kweli

Kila mwaka ni yale yale. Bahasha inafunguliwa, inatajwa muvi ambayo wewe hukuitaka, na kabla hata washindi hawajafika jukwaani kuna mtu keshaandika "mimi na Oscar basi, nisizione tena". Siwacheki, maana na mimi nimeshaapa hivyo kama mara tatu, na mara zote tatu mwaka uliofuata nilitega alamu ya saa kumi alfajiri (kule Los Angeles ni jioni, huku kwetu ndo usingizi umenoga) nikakaa kuangalia huku nanung'unika. Ila kwenye hizi hasira kuna vitu watu wanavisema kwa uhakika kabisa na sivyo vilivyo.

Dhana: "Ile ya 2006 waliiba kura, mchana kweupe."

Hii ndo mama wa hasira zote. Muvi ya Brokeback Mountain ilikuwa imebeba kila kitu msimu ule, tuzo za Golden Globe, BAFTA, tuzo ya chama cha maprodyuza, tuzo ya chama cha waongozaji. Mwigizaji Jack Nicholson anafungua bahasha ya picha bora, yaani muvi bora ya mwaka, anasoma Crash, na uso wake mwenyewe unaonyesha hakutegemea. Watu wakalia wizi.

Wizi haujawahi kuonekana. Kura zinahesabiwa na kampuni ya wakaguzi wa hesabu, PwC, na imefanya hiyo kazi miaka mingi sana. Kilichotokea kilikuwa kinaonekana mapema kwa aliyeangalia vizuri: Crash ilichukua tuzo ya chama cha waigizaji kwa kundi bora la waigizaji, na waigizaji ndo kundi kubwa kuliko yote ndani ya Akademi, chombo kinachotoa hizo Oscar. Kampuni iliyoisambaza ilikuwa imewatumia wanachama wa kile chama DVD zaidi ya 100,000, yaani muvi imekufuata mpaka mlangoni kwako. Halafu enzi zile picha bora ilikuwa muvi tano na kila mpiga kura anachagua moja tu, kwa hiyo kihesabu unaweza kushinda hata na asilimia 21 kama nne zilizobaki zimegawana sawasawa. Hatujui ilipata ngapi, Akademi haitoi namba. Unaweza kusema walichagua vibaya, na mimi nasema hivyo mpaka leo, lakini kuchagua vibaya sio kuiba.

Wanaosema matokeo yanapangwa wakumbuke pia 2017. Mwigizaji Warren Beatty, aliyekuwa anatangaza picha bora, alipewa bahasha siyo, nakala ya pili ya ile ya mwigizaji bora wa kike, La La Land ikatangazwa, watu wakapanda, wakaanza kushukuru mama zao, halafu mbele ya dunia nzima ikabidi prodyuza wa La La Land mwenyewe aseme jamani kuna makosa, washindi ni Moonlight. Mtu anayepanga mchezo hawezi kujiaibisha vile.

Dhana: "Kama mwongozaji ameshinda, picha bora ni ya kwake, wakimnyima wamemdhulumu."

Hapana. Ni vipengele viwili, kura mbili. Ang Lee, aliyeongoza Brokeback, alichukua mwongozaji bora 2006 picha bora ikaenda kwingine, akachukua tena 2013 kwa Life of Pi na picha bora ikaenda kwa Argo. Mwongozaji Alfonso Cuarón naye yamemkuta mara mbili, 2014 na 2019. Sio jambo la ajabu hata kidogo.

Na hapa kuna kitu mashabiki wengi hawakijui kabisa na ndo kinachowaumiza kila mwaka. Kuanzia sherehe ya 2010 picha bora haichaguliwi kwa tiki moja, wapiga kura wanapanga muvi kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka chini. Chukua karatasi 100. Muvi yako, tuiite A, ina namba moja kwenye karatasi 40, ila wale 60 waliobaki hawaitaki hata kuisikia wameitupa mkiani. B ina 25, C ina 20, D ina 15. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo wa mwisho anatoka, D, na zile karatasi zake 15 zinaenda kwa chaguo lao la pili ambalo tuseme ni B. B sasa ina 40. Anatoka C, karatasi 20 nazo zikiangukia B inakuwa 60. Imeisha hiyo. Muvi yako iliyoongoza toka mwanzo imepigwa na muvi ambayo robo tu ya watu waliipenda kuliko zote. Sio njama ni hesabu, inawapendelea wale ambao hakuna anayewachukia, na ukishaielewa utaacha kushangaa kwa nini muvi inayowagawa watu inaishia kuondoka na mwongozaji bora peke yake.

Dhana: "Wapiga kura wameangalia muvi zote, wanajua wanachofanya."

Hii ni dhana ya upande wa pili, ya wale wanaotuambia tunyamaze tuwaheshimu wataalamu. Mwaka ule wa 2006 Ernest Borgnine, mzee aliyekuwa na Oscar yake ya mwigizaji bora, alisema hadharani Brokeback hajaiona na wala hana haja ya kuiona. Na hakukuwa na sheria ya kumzuia kupiga kura! Akademi ilikuja kuweka sharti mwaka 2025, kwamba kama hujaangalia muvi zote zilizoteuliwa kwenye kipengele hupigi kura ya mwisho ya kipengele hicho. 2025 jamani. Na bado kama unasema uliiona kwenye tamasha au kwenye ukumbi wa sinema unajaza fomu tu, wanakuamini.

Dhana: "Tukizima TV wote watatukoma."

Hapa naomba mnisikilize taratibu. Ile namba ya watazamaji inayotangazwa kesho yake ni ya Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa TV, na ni ya Marekani peke yake. Wewe uliyeko nje ya Marekani ukizima, ukiwasha, ukilala, kwenye ile namba haupo. Hata waliopo kule, kwa miaka mingi imekuwa ni makadirio kutoka kwenye nyumba za sampuli zilizofungwa kifaa cha kupimia, kwa hiyo mtu anaweza kususia kwa machozi na nyumba yake wala haimo kwenye hesabu.

Na namba zenyewe zinachekesha. 2006 waliangalia kama milioni 39. Baada ya hasira zote zile na viapo vyote vile, 2007 waliangalia kama milioni 40. Waliongezeka! Halafu 2021 ikaporomoka mpaka kama milioni 10, na sidhani kuna aliyesusia, ilikuwa mwaka wa korona, majumba ya sinema yamefungwa, muvi zenyewe wengi hawajaziona. Kwa kweli watu wanawasha TV wakiwa na muvi ya kuishabikia, ndo maana 1998 mwaka wa Titanic zilivuka milioni 55.

Dhana: "Basi kususia hakuna maana, hakujawahi kubadilisha kitu."

Nayo sio kweli. Januari 2016, mwaka wa pili mfululizo, wateule wote 20 wa vipengele vya uigizaji walikuwa wazungu. Mwongozaji Spike Lee na mwigizaji Jada Pinkett Smith wakasema hatuendi. Siku chache tu baadaye Akademi ikatangaza itaongeza mara mbili idadi ya wanawake na watu wa jamii zilizobaguliwa kati ya wanachama wake ifikapo 2020, na ikabadilisha na sheria za nani anaendelea kupiga kura. Tofauti na mgomo wetu wa sebuleni ni kwamba wale walikuwa watu wa ndani, viti vyao vikibaki wazi kamera inaviona, na walichotaka kilikuwa wazi, badilisheni wapiga kura, sio "mpeni tuzo fulani".

Makelele ya mashabiki nayo yana lake. The Dark Knight, ile muvi ya Batman, ilipoachwa nje ya wateule wa picha bora Januari 2009 watu walichemka kweli, na miezi michache baadaye Akademi ikapandisha wateule kutoka 5 mpaka 10. Watu wengi wanaviunganisha hivyo viwili, na mimi nimo.

Dhana: "Mashabiki wapewe kura, haki itatendeka." Walijaribu 2022, kura ya kipenzi cha mashabiki kupitia Twitter. Ilishinda Army of the Dead, muvi ya mazombi. Tuendelee.

Dhana ya mwisho, "wakiinyima muvi tuzo wameiua". Brokeback iliingiza kama dola milioni 178 dunia nzima, Crash kama milioni 98. 2018 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka Brokeback kwenye orodha ya filamu za taifa za kuhifadhiwa. Na 2015 jarida la The Hollywood Reporter liliwauliza wanachama wa Akademi wangekuwa wanapiga upya kura ya ule mwaka wangempa nani, wakasema Brokeback.

Kuna kitu kimoja mashabiki wa ile muvi walikifanya ambacho kila nikikumbuka nawavulia kofia. Siku chache baada ya sherehe, wakati wengine bado wanatukana, wao walichangishana hela wakanunua ukurasa mzima wa tangazo kwenye Daily Variety, gazeti ambalo enzi zile Hollywood nzima walikuwa wanalisoma asubuhi. Hawakuitaja Crash. Waliishukuru tu muvi yao, na chini wakapanga orodha ya tuzo zote za picha bora ilizochukua msimu ule.